Chumvi ya dagaa na mifupa ya dada yangu

Huku kwetu Tanga dagaa hawakosekani jikoni. Wakitoka majini huchemshwa kwenye maji yaliyokolezwa chumvi, wakaanikwa mpaka wakauka, ndipo wanaingia sokoni. Mimi ni mama lishe, nimepika dagaa miaka mingi, na nikiulizwa leo ni chakula gani cha bei nafuu kinachojenga mfupa wa mwanamke, jibu langu la kwanza ni hao hao dagaa, kwa sababu tunawala na uti wao. Shida ni kwamba chumvi inayouhujumu mfupa nayo imo kwenye kisado hicho hicho. Hilo sikulijua mpaka dada yangu alipovunjika.

Aliteleza uani kwenye maji ya kufulia. Hakuanguka kutoka juu, hakugongwa na bodaboda. Alitanguliza mkono tu ili asiumie uso, na kifundo cha mkono kikavunjika. Alikuwa na miaka 57. Akafungwa hogo, nasi tukaona yamekwisha, kinachobaki ni kusubiri mfupa uunge. Daktari mmoja kijana ndiye aliyekataa kuliachia hapo.

"Shikamoo mama. Hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na nne."

"Na mama yako mzazi, alipozeeka mgongo ulipinda?"

Tukatazamana. Mama yetu alikufa ameinama, urefu wake umepungua hata khanga zilikuwa zinamburuza, na sote tulisema ni uzee na jembe. Daktari akatueleza kwamba mtu mzima akianguka kutoka usawa wa kusimama kwake akavunjika, mfupa wenyewe lazima uchunguzwe. Na mwanamke ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 45 ana sababu ya ziada ya kuchunguzwa mapema.

Ilibidi twende Dar es Salaam kwa kipimo kinachoitwa DEXA. Hakina maumivu: unalala kitandani, mkono wa mashine unapita juu ya kiuno na nyonga, miale yake ni kidogo kuliko ya eksirei ya kifua, na mara unaambiwa uinuke. Majibu yanakuja kwa namba. Sifuri maana yake mifupa yako ni sawa na ya mwanamke kijana mwenye afya. Ikishuka chini ya -1 mfupa umeanza kupungua. Ikifika -2.5 au chini zaidi, ndio ugonjwa wa mifupa kudhoofika, kwa kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Mgongo wa dada ulikuwa -2.9.

Tuliporudi kwa daktari, alianza na chakula. Dada alijibu kwa kujiamini: dagaa karibu kila siku, mboga za majani, soda hanywi, pombe hajawahi. "Na chumvi?" Akasema ya kawaida. Daktari akachukua karatasi akatuchorea figo, na siku hiyo nikaelewa jambo ambalo natamani kila mwanamke wa umri wangu aelezwe.

Chumvi ina sodiamu. Figo huchuja damu mchana na usiku. Vitu vinavyofaa vinarudishwa mwilini, vilivyozidi vinatoka kwa mkojo. Kwenye vijifereji vya figo, kalsiamu, yaani madini yanayojenga mfupa, hurudishwa mwilini ikiifuata sodiamu. Mtu akila chumvi nyingi, figo inaiacha sodiamu ipite ili itoke, na kalsiamu inapita nayo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kwa kila gramu 6 hivi za chumvi, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, miligramu 40 hivi za kalsiamu zinapotelea mkojoni.

Ukisikia miligramu 40 unaweza kuona si kitu. Lakini fanya hesabu kama nilivyoifanya kwenye daftari langu la madeni. Mwili wa mwanamke mzima una kalsiamu ya kilo moja hivi, na asilimia 99 yake iko kwenye mifupa na meno. Miligramu 40 kwa siku ni gramu 14 na nusu kwa mwaka. Miaka 10 ikipita bila kurudishwa, ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mifupa yote. Na kuirudisha si kula miligramu 40 nyingine, kwa sababu utumbo haufyonzi kalsiamu yote unayokula, unafyonza robo yake hivi au theluthi. Kijiko kimoja cha chumvi cha ziada kinadai karibu miligramu 150 kwenye chakula, yaani nusu kikombe cha maziwa.

Usipoirudisha, mwili haukubali kalsiamu ya damu ishuke, kwa kuwa moyo na misuli vinaitegemea kila sekunde. Kuna tezi nne ndogo shingoni, nyuma ya ile tezi ya rovu, ambazo humwaga homoni inayoamuru mfupa uvunjwe ili damu ipate mahitaji yake. Mwanamke kijana anajitetea vizuri: homoni hiyo hiyo inaamsha vitamini D, utumbo unafyonza kalsiamu zaidi, pengo linazibwa. Hedhi ikishakoma, utetezi huo unalegea. Na estrojeni, homoni ya kike ambayo ilikuwa inazuia mfupa usivunjwe ovyo, imeshaondoka. Katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mifupa yake. Dada yangu alikuwa ameipita miaka hiyo yote akila kalsiamu ya kutosha kiasi, na chumvi ya kuiondoa.

Kwa hiyo chumvi na kalsiamu ni hesabu moja, mapato na matumizi. Mwaka 1995 watafiti wa Australia Magharibi walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuwafuatilia wanawake 124 waliokoma hedhi, kwa miaka 2. Waliokuwa wakitoa sodiamu nyingi kwenye mkojo ndio waliopoteza mfupa zaidi nyongani. Kwa hesabu yao, kupunguza sodiamu kwa nusu kungesaidia mfupa sawa na kuongeza miligramu 891 za kalsiamu kwa siku. Hivyo ni vikombe vitatu vya maziwa! Mwanamke wa hali yangu, mwenye nyumba ya watu watano, hawezi kujinunulia vikombe vitatu vya maziwa kila siku ya Mungu. Lakini kupunguza chumvi hakumgharimu hata senti. Hapo ndipo niliposhika.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Nani anapima gramu jikoni? Nilitafuta njia ya kuijua nyumba yangu, nikaipata kwenye paketi. Paketi ya nusu kilo ni gramu 500. Watu watano kwa gramu 5 ni gramu 25 kwa siku. Basi paketi inatakiwa ifike siku 20. Niliandika tarehe juu ya paketi kwa kalamu ya wino, nikaiweka. Haikufika hata nusu ya siku hizo. Na hapo sijahesabu chumvi ya mkate, ya vidonge vya supu ambavyo karibu nusu yake au zaidi ni chumvi, ya chipsi za jioni, ya ng'onda na papa mkavu, wala ya dagaa wenyewe. Mama yeyote anaweza kufanya hivi leo: aandike tarehe, agawanye kwa watu wa nyumbani kwake, aone.

Kazi kubwa imekuwa kwenye dagaa. Sikutaka kuwaacha, maana kuwaacha ni kutupa kalsiamu tunayoimudu. Sasa nafanya hivi. Nawachambua kwenye ungo, natoa changarawe na vile vichwa vinavyoleta uchungu. Nawamwagia maji ya moto hadi wafunikwe, nawaacha mpaka maji yapoe. Yale maji ya kwanza yanatoka na rangi ya udongo, na ukionja tone moja ulimi unakunjamana; ni chumvi tupu, na zamani yote ile ilikuwa inaishia kwenye mchuzi. Namwaga. Naweka maji ya pili, baridi, nawasukasuka kwa mkono bila kuwavunja, namwaga tena, nawakamua. Chumvi inayeyuka na kuondoka na maji, uti wa dagaa hauyeyuki hivyo, unabaki. Kisha nakaanga kitunguu mpaka kiive vizuri, naweka thumu, nyanya, bizari na pilipili hoho, naingiza dagaa, natia tui la kwanza, na ndimu mwishoni kabisa nikishaepua. Chumvi siweki hata punje. Dagaa hawa hata baada ya maji mawili bado wana chumvi yao ya kutosha.

Nikipata dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, wale waliokaushwa kwa jua tu, nawachukua hao. Wa Mwanza wana mchanga, wanahitaji kuoshwa kwa subira, lakini hawajachemshwa kwa chumvi. Pale soko la Mgandini nimezoea kumuuliza muuzaji kabla ya kushika: hawa wamepikwa au wameanikwa? Anajua ninachomaanisha, na siku hizi ananitengea.

Wateja walikuwa shughuli nyingine. Kwenye kibanda wanakula wabeba mizigo, madereva, walimu, na ulimi wa kila mmoja umezoea mchuzi mkali wa chumvi. Ningeipunguza yote siku moja, wangehama. Nilianza na maharage, nikapunguza kidogo kijikoni, nikaacha wiki zipite, nikapunguza tena. Ulimi unajifunza, baada ya wiki kadhaa chakula cha zamani unakiona kimezidi. Kopo la chumvi nililiondoa mezani, nikaweka ndimu zilizokatwa na pilipili ya kuponda. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, leo chumvi imekwisha dukani?" Nikamwambia, "Hapana baba, kamulia ndimu, onja tena." Akakamua, akala, na kesho yake akaja. Naushukuru ugali: haupikwi na chumvi, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye kitoweo, na kitoweo kiko mikononi mwangu. Wali wa nazi naupika na iliki, chumvi nusu ya ile niliyozoea, hakuna aliyelalamika.

Nisieleweke vibaya kuhusu aina ya chumvi. Wapo walioambiwa na majirani kwamba chumvi ya mawe ya kutoka mashamba ya chumvi ya pwani ni "ya asili", haina madhara. Sodiamu ni ile ile. Tena inaweza kukosa madini joto ambayo yanawekwa kwenye chumvi ya paketi ili kuzuia rovu na kulinda ubongo wa mtoto tumboni. Tumia yenye madini joto, ila kidogo.

Upande wa kuongeza kalsiamu nao ulikuwa na mafunzo yake. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo waliweka miligramu 1,000 kwa siku kwa mwanamke mtu mzima, na 1,300 baada ya hedhi kukoma. Dada alikuwa anategemea mchicha. Mchicha ni mboga nzuri kwa mengi, lakini una asidi ya oksaliki inayoifunga kalsiamu, kwa hiyo kinachofyonzwa ni kidogo kuliko unavyotarajia. Sukuma wiki na chainizi zinaachia kalsiamu yake kwa urahisi zaidi, na sisi Tanga tuna bahati, mboga za Lushoto zinashuka kila siku. Maziwa nayo tunayo, wafugaji wadogo wa mkoa huu wanayaleta mjini asubuhi. Kikombe kimoja kina karibu miligramu 300. Dada maziwa freshi yanamjaza tumbo gesi, kama watu wengi wa Afrika, ila mtindi anakunywa bila shida kwa kuwa ile sukari ya maziwa imeshapunguzwa na uchachu. Anakunywa kikombe asubuhi na kingine jioni, bila chumvi wala sukari.

Kuna kitu kingine ambacho kilinifurahisha sana kukijua. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake 60 waliokoma hedhi chakula chenye chumvi nyingi. Waliopewa pamoja nacho madini ya potasiamu, kwa namna ya sitreti, hawakupoteza kalsiamu ya ziada kama wenzao. Potasiamu tumezungukwa nayo: ndizi, maharage, viazi vitamu, parachichi, machungwa ya Muheza. Chakula cha bibi zetu kilikuwa na nyingi mno, na chumvi kidogo. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye aulize daktari wake kwanza, maana kwake potasiamu nyingi ni hatari.

Jua pia lina sehemu yake, kwa sababu ngozi huitengeneza vitamini D kwa jua, na bila vitamini hiyo sehemu kubwa ya kalsiamu inapita tumboni bila kufyonzwa. Dada anavaa baibui akitoka na anashinda ndani akishona. Sasa anashonea barazani, mikono na miguu wazi, kwenye ua ambao hakuna wa kumtazama.

Shangazi zetu walisema ni watoto sita waliommaliza, kila mtoto aliondoka na mfupa wake na jino lake. Maneno haya yanawaumiza wanawake bure. Wakati wa mimba utumbo wa mama hufyonza kalsiamu karibu mara mbili ya kawaida. Akinyonyesha mifupa hupungua kidogo, kisha hujirudisha mtoto akiacha ziwa. Huko Keneba, Gambia, kijiji ambako utafiti wa lishe umefanyika kwa miongo mingi, wanawake hula kalsiamu ya miligramu 300 hadi 400 tu kwa siku. Waliopewa vidonge vya miligramu 1,500 wakati wa mimba hawakupata mifupa imara kuliko wenzao; baadaye mifupa ya nyonga zao ilionekana kuwa na madini machache zaidi, kana kwamba mwili uliozoea kubana matumizi ulivurugwa. Mjamzito anayepewa kalsiamu kliniki ili kumkinga na kifafa cha mimba aendelee kuimeza, hiyo ni kazi nyingine na ni muhimu. Ninachokataa ni kumlaumu mama kwa kuzaa, au kununua makopo ya vidonge mtaani badala ya kutazama sufuria.

Ninaowafikiria zaidi sasa ni wasichana. Mjukuu wa dada ana miaka 12. Umri wa miaka 9 hadi 18 ndipo mwili unapojenga mfupa kwa kasi, na mahitaji ni miligramu 1,300 kwa siku. Akifika miaka 18, msichana ameshaweka karibu asilimia 90 ya mifupa atakayokuwa nayo maishani. Getini kwa shule yake kunauzwa embe mbichi zilizochovywa chumvi na pilipili, krispi, mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa chumvi mpaka inang'aa. Naumia nikiyaona, kwa sababu wanakula chumvi hiyo katika miaka ile ile ambayo kila tone la kalsiamu lilitakiwa libaki. Tumepatana naye: embe anachovya kwenye ndimu na pilipili tupu, nyumbani, na chupa ya mtindi anakwenda nayo shule. Siku nyingine anairudisha haijaguswa, siku nyingine anaimaliza na kuomba ya rafiki yake.

Kwa dada, chakula peke yake hakitoshi, na nalisema hili waziwazi kwa kuwa wapo wanaoacha dawa wakisikia habari za lishe. Mfupa uliofika -2.9 unahitaji dawa. Anameza kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha anakaa wima au anatembea kwa nusu saa bila kulala, kwa sababu kidonge kikirudi kooni kinachoma. Mtindi na vidonge vya kalsiamu havisogezwi karibu mpaka muda huo upite, maana kalsiamu inazuia dawa isifyonzwe. Asubuhi ya siku ya kidonge nampigia simu kumkumbusha.

Kipimo cha pili cha DEXA kimeshapangwa. Kabla ya hapo daktari anataka mkojo wa saa 24, aone sodiamu inayotoka ni kiasi gani, kwa sababu sehemu kubwa ya chumvi unayokula hutokea huko na mkojo hausahau kijiko ulichosahau kuhesabu. Ule wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, kisha wote unaofuata unakusanywa, mchana na usiku, mpaka ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Sodiamu miligramu 2,000 ndiyo chumvi gramu 5; tunaomba namba yake iwe chini ya hapo. Dada ameshanunua dumu la lita tano jipya, ameliosha na kuliandika jina lake, na amechagua Jumapili, siku ambayo hatoki nyumbani.